Mama wa Isiolo na mashine yangu

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili Nairobi, kazi yangu kulinganisha protini za maziwa ya ng'ombe, mbuzi na ngamia kwa kromatografia ya kimiminika, yaani mashine inayotenganisha protini na kuchora kila moja kama kilele kwenye mstari. Ya ngamia nilinunua Eastleigh kwa mama mmoja aliyeletewa kwa basi kutoka Isiolo, kwenye mitungi iliyofukizwa moshi. Ukifungua kifuniko, maabara nzima inanukia kuni.

Mama huyo alikuwa na kesi. Wateja walidai maziwa yake yana ya ng'ombe ndani. Laktometa, kile kipimo cha uzito wa maziwa, haikumsaidia, maana hiyo hushika maji tu. "Wallahi mwanangu, hiyo mashine yako si ipime basi," akasema, na Jumamosi akaja mwenyewe na chupa mbili: moja ya mtungi ulivyoshuka kwenye basi, nyingine ya kijana anayemuuzia rejareja.

Nilitia asidi ili kasini, protini inayofanya donge la maziwa, igande. Ya ng'ombe huganda vizuri pH, yaani kipimo cha uchachu, ikifika 4.6, ya ngamia ni kisirani, donge lake laini, halishikani. Nikachuja maji yaliyobaki, nikayaingiza mashineni. Asetonitrili, kiyeyusho cha kusukuma protini, ikiongezeka polepole, kila protini huachia kolamu, lile bomba linalozishika, kwa zamu yake, na taa ya nanomita 214 inaiona ikipita.

Nilichokuwa nakitafuta ni beta-laktoglobulini. Kwa ng'ombe ndiyo karibu nusu ya protini za maji yale. Ngamia hana kabisa, kama binadamu asivyo nayo.

Chupa ya kwanza: alfa-laktalbumini, protini nyingine ambayo ngamia anayo, ikapanda juu, kisha pale nilipopakodolea macho mstari ukalala tu. Ya pili: vikachomoza vilele viwili vilivyobanana, aina mbili za beta-laktoglobulini ya ng'ombe, B ikitangulia A. Ng'ombe huyo.

Nilidhani atashangilia. Akauliza, "Na mbuzi je? Wachungaji wetu hukamulia chombo kimoja." Msimamizi wangu hakuwahi kuniuliza hilo! Nikayeyusha maziwa ya mbuzi yaliyokuwa kwenye friza, tukasubiri, yeye akinisimulia bei za Ramadhani. Mbuzi naye anayo, ila kilele chake kilikuwa kimoja na hakikukaa dakika zile.

"Basi ni yule kijana," akasema. Akataka nimchapie karatasi zote tatu. Akazikunja, akazitia mkobani, halafu akanidai pesa ya maziwa ya wiki iliyopita.