Mwalimu wa Lindbergh na kivuli cha fimbo yetu

Katikati ya mwezi wa nne, siku ambayo mvua ya Bukavu ilitupa nafasi ya saa chache, niliwatoa wanafunzi wangu wa darasa la tano la hesabu na fizikia, tukasimamisha fimbo ya mita moja katikati ya ua wa shule na kuinyoosha kwa pimamaji tuliyoazima kwa fundi mwashi. Walikuwa na hakika kwamba saa sita kamili kivuli kingetoweka, kwa kuwa sisi tunakaa karibu kabisa na ikweta. Saa sita ikafika, na kivuli kilikuwa bado kipo, sentimita 22 hivi, kimelala kuelekea kusini, tena kilikuwa hakijamaliza kufupika. Binti mmoja aliyekuwa akitunza saa akaniuliza: «Mwalimu, saa hii ni mbovu ao jua limechelewa?»

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwa mtu ambaye habari zake nimekuwa nikizifuatilia kwa muda mrefu, Philip Van Horn Weems, ofisa wa jeshi la majini la Marekani ambaye aliwafundisha marubani wa ndege kujua mahali walipo kwa kutazama nyota.

Weems alizaliwa tarehe 29 Machi 1889 katika jimbo la Tennessee, mbali na bahari yoyote. Alibaki yatima akiwa bado mtoto, akakulia shambani pamoja na ndugu zake, na mwaka 1908 akaingia katika chuo cha jeshi la majini cha Annapolis, ambako alihitimu mwaka 1912. Miaka yake ya kwanza melini naipita haraka, kwa sababu ilifanana na ya maofisa wengine wengi wa kizazi chake. Kilichomtofautisha ni kwamba alichoshwa na jambo ambalo wenzake walilikubali kama desturi, yaani urefu wa hesabu.

Ili msomaji aelewe uchovu huo, naomba tusimame kidogo juu ya ziwa letu. Kilele cha Nyiragongo kiko mita 3,470 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi, kwa hiyo mlima unatuzidi kwa takriban kilomita mbili. Mtu aliye ndani ya boti akipima na kuona kilele kimeinuka nyuzi 5 juu ya usawa wa maji, anajua kwamba yuko kilomita 23 hivi kutoka mlimani. Hajui bado yuko upande gani. Anajua tu kwamba yuko mahali fulani kwenye duara lenye mlima katikati. Akipima na mlima wa pili, tuseme Kahuzi, anapata duara la pili, na pale maduara yanapokatana ndipo boti lilipo, kwa sharti kwamba pawe majini. Nyota nayo ni kama mlima ulio mbali sana: kila pembe inayopimwa inamweka baharia kwenye duara kubwa juu ya uso wa dunia, na sehemu ndogo ya duara hilo huchorwa kwenye ramani kama mstari ulionyooka. Njia ya kuuchora mstari huo kwa hesabu aliikamilisha ofisa wa majini wa Ufaransa, Marcq Saint-Hilaire, mwaka 1875.

Shida ni kwamba mlima hautembei, na nyota inatembea. Lazima ujue nyota iko juu ya sehemu gani ya dunia katika sekunde ileile uliyopima, kisha utatue pembetatu iliyochorwa juu ya mpira, kwa majedwali ya logariti, ukurasa baada ya ukurasa. Baharia mwenye meza, taa na meli ya mwendo wa pole aliweza kuvumilia. Rubani wa miaka ya 1920 alikaa kwenye baridi na kelele, karatasi juu ya magoti, ndani ya ndege iendayo kilomita 160 kwa saa. Hesabu ikimchukua dakika 20, jibu analopata ni la mahali alipopaacha zaidi ya kilomita 50 nyuma.

Weems alianza kuikata hesabu hiyo. Mwaka 1927 alitoa kitabu cha majedwali mafupi, na kwa hesabu yake aliegemea kazi ya Mjapani Ogura, akaongeza mchoro wa Rust, ofisa mwenzake wa majini, kwa ajili ya kupata uelekeo wa nyota. Mimi hapo ndipo ninapompendea: hakuona haya kuchukua kilicho bora popote kilipo na kukipanga ili mtu aliyechoka asipotee. Mwaka uliofuata akaja na michoro ya nyota yenye mistari iliyopinda, ambayo hesabu yake ilikuwa imekwisha kufanywa na kuchapwa, hivi kwamba rubani alihitaji tu kufuata mistari miwili hadi ikutane. Michoro ya mwanzo ilitegemea nyota ya Kaskazini, ambayo sisi wa Bukavu hatuioni maisha yetu yote, kwa kuwa iko chini ya upeo wetu. Namsamehe, hakuwa akitufikiria sisi.

Kisha kuna saa. Saa ya mkononi ya wakati ule uliweza kuirekebisha dakika zake, lakini mkono wa sekunde ulikwenda upendavyo. Weems alitaka saa ambayo sahani yake ya ndani, iliyoandikwa sekunde, inazungushwa mpaka ilingane na mlio wa saa wa redio, bila kuisimamisha mashine yenyewe. Kampuni ya Longines ya Uswisi ikaitengeneza. Mtu anaweza kudhani huo ni urembo, lakini karibu na ikweta, kosa la sekunde 30 linakusogeza kilomita 14 hivi mashariki au magharibi. Kilomita 14 baharini ni tofauti ya kukiona kisiwa na kukipita.

Mwanafunzi wake mashuhuri alikuwa Charles Lindbergh. Huyu alikuwa amevuka Atlantiki kwa ndege, peke yake, mwezi Mei 1927, saa 33 na nusu kutoka New York hadi Paris, akitegemea dira, saa na makadirio ya mwendo. Dunia nzima ilimshangilia. Mwanzoni mwa 1928, akirudi kutoka Havana, dira zilimhadaa usiku akapotea, na baada ya hapo alikubali kukaa chini afundishwe. Jeshi la majini likampa Weems kazi hiyo. Fikirini kijana wa miaka 26, mtu maarufu kuliko wote duniani kwa wakati ule, akishika sekstanti, chombo cha kupimia pembe ya nyota juu ya upeo, na kusahihishwa. Walimu wenzangu watanielewa nikisema kwamba mwanafunzi mgumu kuliko wote ni yule aliyekwisha kufaulu bila wewe.

Weems na mkewe Margaret waliendesha shule iliyofundisha hata kwa njia ya posta, na baada ya kustaafu jeshini mwaka 1933 aliifanya kuwa kazi yake. Kazi hiyo ilikatizwa na Vita vya Pili vya Dunia, alipoitwa tena na kuongoza misafara ya meli za mizigo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa amevuka umri wa miaka 70, jeshi lilimwita kwa mara nyingine, safari hii akafundishe jinsi ya kujua njia angani, nje ya dunia. Alifariki mwaka 1979 akiwa na miaka 90.

Baba yangu mdogo, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye boti za Goma na Bukavu, aliponisikiliza alicheka: «Mwalimu, sisi tulikuwa tunatazama taa za kisiwa cha Ijwi.» Yuko sahihi, na milima inayotuzunguka ingemnyima hata upeo wa maji ambao baharia anauhitaji. Marubani nao walikosa upeo huo, ndiyo maana sekstanti zao zilitiwa kiputo cha hewa, kilekile kilicho ndani ya pimamaji ya fundi wetu.

Narudi uani. Tulikuwa tumechora duara kwa chaki kuzunguka fimbo, na kivuli kililigusa mara ya kwanza saa tano na dakika 25. Tulingoja. Kililigusa tena saa sita na dakika 44. Katikati ya nyakati hizo, pale kivuli kinapokuwa kifupi kabisa, ni saa sita, dakika nne na nusu. Saa yetu inafuata nyuzi 30 za mashariki, mstari wa ramani ambako siku hizo jua hufika juu kabisa karibu na saa sita kamili, na dunia inageuka uzi mmoja kwa kila dakika nne; kwa hiyo Bukavu iko magharibi ya nyuzi 30 kwa uzi mmoja na kitu, karibu 28.9. Niliwaonyesha ramani, wakanyamaza. Yule binti akahesabu upya kwenye daftari lake kabla ya kukubali kwamba saa ni nzima na kwamba jua kwa kweli linachelewa.

Sasa ana kaka yake Goma ambaye ameahidi kusimamisha fimbo kama yetu siku moja na sisi. Kwa hesabu yetu, kivuli chao kinapaswa kutangulia chetu kwa dakika moja na sekunde 26 hivi. Saa zote mbili, yetu na yake, tumekwisha kuzilinganisha kwa mlio wa redio. Mawingu ndiyo bado hayajaturuhusu.