Bei ya mahindi inapopanda nyumbani kwetu

Katika familia yetu, habari za bei ya mahindi hazipokelewi na wote kwa uso mmoja. Wazazi wangu wanaishi shambani, upande wa barabara ya Kasenga, nao huuza mahindi. Mimi na yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, tunaishi hapa mjini Lubumbashi, nchini Kongo, ambako tunanunua unga kama watu wengine wote. Bei ikipanda, baba hupiga simu akiwa mchangamfu, na kabla hajamaliza salamu yaya huwa ameanza kulalamika kwamba mfuko wa kilo 25 unammalizia mshahara. Bei ikishuka, ni baba anayenyamaza na yaya anayecheka. Marafiki wanaponiuliza kama shamba lile lina faida, ninashindwa kuwajibu, kwa sababu pesa zinazoingia kwa wazazi huwa zimetoka kwa watu kama sisi, watoto wao.

Mwaka 2024 jambo hilo lilionekana waziwazi. Ukame ulioambatana na El Niño uliharibu mashamba ya Zambia, hata serikali ya huko ikatangaza janga la taifa mwishoni mwa Februari, na kwa kuwa mji wetu hutegemea sana mahindi na unga unaopita mpaka wa Kasumbalesa, bei ilipaa. Kwetu pia mvua zilikuwa za kusuasua, kwa hiyo magunia yalipungua, lakini machache hayo yalileta makuta (pesa) mengi kuliko mavuno mazuri ya mwaka uliotangulia. Baba aliezeka upya paa la jiko. Yaya, kwa miezi kadhaa, alipika bukari (ugali) ya mahindi yaliyochanganywa na muhogo, chakula ambacho watoto wake walikikubali kwa shingo upande.

Katika miaka ya kawaida, tatizo ni majira. Mvua za kweli huanza Novemba, mahindi huvunwa kati ya Aprili na Mei, na katika miezi hiyo hiyo kila mkulima wa Katanga ana kitu cha kuuza, hivyo bei huwa chini kabisa wakati magunia yamejaa nyumbani. Anayeweza kungoja hadi Desemba au Januari hupata bei nzuri zaidi, lakini kungoja kunahitaji ghala kavu, dawa ya kuzuia fukusi na, zaidi ya yote, pesa nyingine ya kuishi nayo. Wanunuzi wanalijua hilo vizuri. Hufika na gari lao mapema, wakiwa na meka, yaani kopo la kupimia nafaka, iliyogongwa kitako mpaka ikapanuka, na mama, ambaye ana meka yake nzima, huambiwa kwamba asiyetaka kipimo chao na angoje wengine. Kwa maoni yangu meka hiyo inatuumiza kuliko viwavijeshi, kwa kuwa viwavijeshi tunaweza angalau kuwatilia majivu katika moyo wa mmea wangali wadogo.

Katikati ya shamba kuna kichuguu kirefu kuliko nyumba, kama vile vinavyoonekana kila mahali kuzunguka Lubumbashi, na mabishano juu yake hayaishi. Mafundi wa matofali wamekuja zaidi ya mara moja kutaka kukinunua, kwa sababu udongo wake una mfinyanzi mwingi na hutoa tofali gumu. Yaya angependa kiuzwe, ardhi isawazishwe na mistari ya mahindi iongezeke. Baba hukataa, na hapa ninamuunga mkono. Udongo mwekundu wa shamba letu ni mchachu na umechoka, ilhali ule wa kichuguu una chokaa na rutuba zaidi, kwa hiyo kila kiangazi huchimbwa kidogo pembeni, ukapondwa na kutawanywa penye mimea iliyodumaa. Hauwezi kuchukua nafasi ya mbolea za NPK na urea, lakini mwaka ambao mbolea ya dukani imetushinda, tofauti huonekana kwa macho. Aidha, mvua za kwanza zinapowatoa kumbikumbi, hakuna anayekumbuka habari za matofali.

Kuku wetu sina mengi ya kusema juu yao: ugonjwa wa kideri huja wakati wa kiangazi, na chanjo yake inahitaji ubaridi ambao nyumba isiyo na umeme haina. Linalonishangaza zaidi ni bustani ya mama kule bondeni, ambako maji hayakauki hata mwezi wa tisa. Lengalenga, matembele na sombe (majani ya muhogo) anazokata humo hazihesabiwi na mtu yeyote tunapozungumzia mavuno, ilhali ndizo zinazonunua chumvi, sabuni na dawa, na ndizo zilizolipa karo ya mdogo wetu mwaka ambao mahindi yaliuzwa mapema kwa bei ya kutupwa. Baba huziita mboga za mama, kana kwamba ni jambo la kando.

Msimu huu yaya ametoa pendekezo ambalo huenda likapunguza kelele: magunia ya kula mjini yatengwe kabla ya mnunuzi kufika, tuyalipie kwa bei iliyo kati ya ile ya Mei na ile ya Januari, kisha tuyasagishe wenyewe kwenye mashine ya mtaani. Usafiri utakuwa juu yetu. Baba amekubali, kwa sharti kwamba yaya atume pesa za mbolea mwezi wa kumi, kabla wauzaji hawajapandisha bei, na mpaka sasa wanabishana kwa simu kama sharti hilo linahusu urea peke yake au pamoja na NPK.