Nilivyoifanya Fanuc ikumbuke majigi yangu bila karatasi

Karakana yetu iko Dar, tuna milingi (mashine ya kukata chuma) ya mtumba yenye kontrola ya Fanuc, yaani kompyuta inayoiendesha, na kazi zetu nyingi ni za kujirudia, puli, flenji za pampu, vipuri vya mashine za kusaga nafaka. Kila kazi ina jigi lake, yaani kifaa cha kushikia kipande kinachokatwa, na majigi yanakaa juu ya bamba lenye pini kwa hiyo ukilitoa ukalirudisha linarudi palepale. Shida ilikuwa namba. Pozisheni za kila jigi ziliandikwa kwa chaki ubavuni mwa mashine, zingine kwenye kipande cha boksi, na mafuta ya kupoozea yakishaingia hapo umeshaumia, unaanza upya na dayo geji (saa ya kupimia) kutafuta senta wakati mteja kasimama mlangoni.

Nikamwambia mzee wa karakana, mzee hii kontrola ina makro, yaani programu ndogo unayoiandika mwenyewe, inaweza kusoma yenyewe iko wapi na ikatunza. Akasema haya dogo fanya, ila ukigonga spindo (kichwa kinachozungusha kikatio) utanunua wewe.

Kwanza ni kujua unasoma pozisheni ipi. Namba yenye # ni kisanduku cha kumbukumbu ndani ya kontrola. #5041, #5042, #5043 zinakupa X, Y, Z za kazi, yaani kuanzia kwenye sifuri ya kazi uliyoiweka mwenyewe, G54 au yoyote inayotumika muda huo. #5021, #5022, #5023 zinakupa za mashine, kuanzia rifarensi, yaani homu ya mashine yenyewe. Kwa kutunza jigi nataka za mashine, maana za kazi mtu akibadilisha G54 tu hazina maana tena, ila za mashine hata umeme ukikatika ukiwasha ukapiga homu namba zinarudi zilezile.

Halafu unatunza wapi, hapa ndo wengi wanalizwa. #1 mpaka #33 zinaisha makro ikiisha. #100 mpaka #199 zinafutika ukizima mashine, na kwa umeme wetu huo ni utani. Kuanzia #500 ndo zinabaki, zinashikiliwa na batri. Basi nikaandika hivi:

O8010
IF[#1EQ#0]GOTO90
IF[#1LT1]GOTO90
IF[#1GT6]GOTO90
IF[#4006NE21]GOTO91
G53
#10=500+#1*4
#[#10]=#5021
#[#10+1]=#5022
M99
N90#3000=1(NAMBA YA JIGI)
N91#3000=2(WEKA G21)

Unaleta spindo kwa mkono mpaka senta ya tundu la jigi, unaenda MDI (hali ya kuandika amri kwa mkono) unaandika G65 P8010 A3. unabonyeza start, ile A inaingia #1, na jigi namba 3 limeingia #512 na #513. Nukta baada ya 3 usiisahau. Bila nukta kontrola inaweza kuichukua A kama kipimo cha eksisi na 3 ikawa 0.003, ndo maana nimeweka ule mstari wa LT1 (chini ya 1), bora alamu kuliko kutunza kwenye kisanduku cha ajabu. #4006 inasema uko G20 (inchi) au G21 (milimita), kuna jamaa wa zamu ya jioni anapenda inchi, simlaumu michoro yake ndo iko hivyo, ila namba ya inchi ikisomwa kama milimita hapo ni chuma kwa chuma.

Hiyo G53 tupu watu wananiuliza ya nini. Fanuc inasoma mistari ya mbele kabla mashine haijamaliza mstari wa nyuma, kwa hiyo makro ikisema soma #5021 wakati meza bado inatembea unapata namba ya njiani. G53 peke yake inaizuia isisome mbele mpaka mwendo uishe. Ukiwa umesimama kwenye MDI haina kazi sana ila mimi naiita hii makro hata ndani ya programu, kwa hiyo naiacha.

Kurudi kwenye jigi ni O8011, juu ina ukaguzi uleule na ile hesabu ya #10, halafu:

IF[#[#10]EQ#0]GOTO90
G91G28Z0
G90G49
G53X#[#10]Y#[#10+1]
#5221=#[#10]-#5201
#5222=#[#10+1]-#5202

Huo mstari wa kwanza ni roho ya kitu chote, #0 maana yake kitupu. Kisanduku kikiwa kitupu Fanuc haisemi kitu, inaruka hiyo herufi tu kana kwamba hukuiandika, na mistari ya mwisho nayo inaweza kukuharibia G54. Ndo maana kitupu kinapelekwa kwenye alamu. Z inapanda kwanza kabla ya chochote. #5221 na #5222 ndo X na Y za G54 zenyewe, na natoa #5201 na #5202 kwa sababu ile ofseti ya jumla inajumlishwa juu ya G54, mtu akiacha kitu humo jigi zima linahama. Z ya jigi situnzi, tunaishughulikia na urefu wa tuli (kikatio), kuichanganya humu ni kutafuta kesi.

Sasa hivi dogo mpya anaita jigi anaweka kipande anaanza kukata, dayo geji inatoka kabatini kwa jigi jipya tu au mtu akigonga bamba. Batri tunabadilisha mashine ikiwa imewashwa, ukiibadilisha imezimwa unaweza kupoteza hizo #500 na parameta zote juu yake, na kila tukiongeza jigi napanchi (natoa nakala ya) makro zote kwenye kadi naweka kwa mzee.