Siku yangu moja kliniki ya macho, Moshi

Saa 1:15 asubuhi. Nashuka kwenye daladala ya Pasua, nakuta benchi la nje limeshajaa. Watu wa Rombo na Same hutuwahi sisi wa mjini, maana walilala kwa ndugu tangu jana. Mgonjwa asiyeona utamjua kwa anayemshika mkono, na mara nyingi ni mjukuu ambaye leo hakwenda shule.

Saa 2:00. Kupima uoni. Chati ya E, mita sita. Asipoiona E kubwa ya juu namsogeza hadi mita tatu. Akishindwa na hapo, akiwa na miwani yake kama anayo, na jicho hilo ndilo lenye nafuu, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani huyo ni kipofu: chini ya 3/60, yaani hata kwa mita tatu haoni kile ambacho mwenye macho mazima hukiona kwa mita 60. Mwenye jicho moja zima hahesabiwi, hata kama la pili limekufa kabisa. Baada ya chati ni kuhesabu vidole, kisha mkono unaopunga, kisha tochi. "Shikamoo babu. Mwanga unatokea upande gani?" Akipatia, naandika kwa moyo mwepesi.

Saa 4:00. Bibi wa Kibosho, mboni zote mbili nyeupe. Mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza kwa upofu duniani, na upofu wake unaondoka: lenzi yenye ukungu inatolewa, inawekwa ya bandia, mara nyingi kwa ganzi ya jicho tu. Namuuliza mbona amechelewa. "Niliambiwa nisubiri liive, mwanangu." Ushauri huo ni wa enzi za upasuaji wa zamani, ila vijijini bado unatembea. Mumewe alishapasuliwa, tena macho yote. Zamu ya bibi ikasogezwa hadi mahindi yavunwe. Sishangai. Wanawake wasioona ni wengi kuliko wanaume, na bado upasuaji huwafikia kwa shida zaidi.

Anafuata fundi seremala wa Hai. Macho meupe safi, hayaumi. Kilichomleta ni bodaboda: mara ya pili sasa inamkosakosa ikitokea ubavuni. Presha ya jicho inasoma 34. Kawaida ni kati ya 10 na 21.

"Lakini nesi, presha nilipima zahanati, iko sawa."

"Ile ni ya damu, baba. Hii ni ya ndani ya jicho."

Glakoma hula uoni wa pembeni kwanza, na mshipa wa fahamu ukishakufa haufufuki. Matone ni ya kulinda kilichobaki, kila siku, maisha yote. Kumweleza hilo kumechukua muda kuliko kumpima, na foleni imeanza kuguna. Waache wagune.

Saa 7:30. Wali maharage, nimesimama.

Saa 8:00. Mama mwenye kisukari, sukari imeharibu mishipa ya nyuma ya jicho. Kijana aliyetiwa maji ya majani jichoni, konea, kile kioo cha mbele ya jicho, imebaki na kovu. Huyu wa pili ananiudhi kila anapokuja, na hasira yangu si kwake.

Saa 10:00. Daftari. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anataka tujumlishe tujue wasioona mkoani ni asilimia ngapi. Nikamwambia haijumlishiki. Humu wapo waliopata nauli na wa kuwashika mkono. Tena mwenye glakoma hurudi kila baada ya miezi michache, aliyetolewa mtoto wa jicho akipona harudi, kwa hiyo ukihesabu mahudhurio, glakoma itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Kiwango cha upofu hutafutwa nyumba kwa nyumba, kwa kawaida kwa wenye miaka 50 na zaidi, maana huko ndiko ulikojaa.

Fundi nimemwagiza alete wadogo zake na watoto waliokua, glakoma hutembea kwenye ukoo. Wadogo wawili watakuja Alhamisi. Mwanawe wa kwanza yuko Dar, anasema macho yake hayana shida.