Siku moja nyuma ya kaunta ya duka la kamera

Saa 2 asubuhi

Kabla hata ya kufagia, naangalia betri. Kamera za mezani zilichezewa jana kutwa, na hakuna kinachomkimbiza mteja upesi kama kubonyeza kitufe akakuta kioo cheusi. Natoa betri, nachaji, narudisha. Halafu kitambaa: alama za vidole kwenye lenzi, mafuta ya uso kwenye kioo cha nyuma. Muuzaji wa mtandaoni hana kazi hii. Yeye ana ghala na gundi ya maboksi.

Saa 3

Napitia bei za mtandaoni kwenye simu. Kwa bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, mara nyingi tunalingana au tunapishana kidogo tu. Nikiona bei imeshuka mno, naenda moja kwa moja kwenye maandishi madogo ya chini, na hapo huwa nakuta mzigo umepitia njia isiyo rasmi na dhamana ni ya muuzaji, si ya mtengenezaji. Mteja haoni tofauti, kwa kuwa picha ya kamera ni ileile.

Faida ya bodi mpya ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Kinacholipa pango ni mikanda ya kubebea kamera, vichujio, kadi, betri za akiba, na zaidi ya vyote vifaa vya mkono wa pili.

Na tusiusingizie mtandao kila kitu. Takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, zinaonyesha kwamba mwaka 2010 zilisafirishwa kamera za dijitali zaidi ya milioni 121. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Simu ndiyo iliyozila zile kamera ndogo za mfukoni, ambazo zamani zilitoka dukani kila saa bila maelezo mengi. Jessops ya Uingereza ilipofunga maduka yake yote Januari 2013, ilikuwa imepigwa pande zote mbili, simu huku na mtandao kule.

Saa 4 na nusu

Anaingia kijana ameshika simu, bei ya Nikon Z iko wazi kwenye skrini. Hafichi.

"Kaka, nataka kuishika tu. Nitaagiza mtandaoni."

"Karibu, ishike."

Wenzangu wengine hununa hapa. Mimi naona mtu anayesema ukweli mlangoni ni mteja mzuri. Namuuliza ana lenzi gani nyumbani. Anafungua begi, anatoa 50mm f/1.8D, ya zamani, imetunzwa. Anasema ameshasoma kwamba ipo adapta ya FTZ, kile kiungo cha kufunga lenzi za zamani za Nikon kwenye bodi za Z, basi atafunga na kuendelea na kazi.

Nachukua adapta, nafunga lenzi yake kwenye kamera ya mezani, nampa. Anabonyeza kitufe nusu ili ishike fokasi, hakuna kinachosogea. Anabonyeza tena. Lenzi za D kama hii hazina mota ndani. Zinazungushwa na mota ya bodi kupitia skrubu ndogo iliyo kwenye mdomo wa kamera. Bodi za Z hazina mota hiyo, na FTZ nayo haina. Picha itapigwa, mwanga utapimwa vizuri, ila kufokasi ni kwa mkono. Yeye anapiga harusi. Kufokasi kwa mkono wakati bibi harusi anatembea, hilo hataki kulisikia.

Namtolea AF-S 50mm f/1.8G, yenye mota yake ndani, kutoka kabati la mkono wa pili. Inashika fokasi papo hapo. Ameondoka na hiyo pamoja na adapta, na ile ya D ametuachia kwa kupunguziwa bei. Bodi ataagiza mtandaoni kama alivyosema. Sawa.

Saa 6 mchana

Mzee ameleta lenzi ya zumu ya zamani kuuza. Huu ndio wakati ninaoupenda kuliko yote.

Nafungua vifuniko vyote viwili, nafungua tundu la kupitishia mwanga hadi mwisho, nazima taa ya juu ya kaunta, namulika tochi kutoka nyuma huku nikiiinamisha lenzi polepole. Vumbi haliniogopeshi, kila lenzi inalo na kwa kawaida kwenye picha halionekani. Natafuta kuvu. Ikiwapo, utaona nyuzi nyembamba zimejitandaza kama utando wa buibui, kwa kawaida zikianzia pembeni. Zikikaa muda mrefu hula ule mpako wa kioo, na hapo hata fundi akisafisha alama hubaki.

Hii haina kuvu. Nasogeza pete ya tundu nikitazama vipande vyembamba vya ndani vinavyolifungua na kulifunga: viwili vina mng'ao wa mafuta, vinarudi kwa uvivu. Namwonyesha mwenyewe, nampa tochi.

"Kumbe ndiyo maana picha zangu zilikuwa zinaungua."

Ndiyo. Vipande hivyo vikichelewa kufunga, mwanga unazidi. Tunakubaliana bei ikiwa imeshatolewa gharama ya fundi.

Saa 9 alasiri

Dada mmoja analeta kamera isiyosoma kadi. Bado mpya. Kituo cha huduma kimemkatalia dhamana kwa sababu namba ya kamera si ya soko hili, na aliyemuuzia mtandaoni anataka airudishe kwa gharama zake. Si kwetu alikonunua, lakini najaribu kadi nyingine, nachungulia pini za ndani ya tundu la kadi. Moja imepinda. Nampeleka kwa fundi wetu, atalipia. Hapa ningeweza kutoa hotuba. Anayo ya kumtosha.

Saa 10 na nusu

Vijana wanaopiga picha kwa filamu. Wanaleta filamu zao, wanachukua picha, wanabishana kuhusu rangi. Hawa hawaulizi bei ya mtandaoni hata kidogo.

Nikipata nafasi napiga picha za vifaa vya mkono wa pili vya kuweka mtandaoni, maana nasi tunauza huko. Napiga kifaa chenyewe, na mikwaruzo yake, na idadi ya mipigo ya shata, yaani picha ambazo kamera imeshapiga, naiandika. Mnunuzi wa mbali hawezi kushika tochi, kwa hiyo lazima nimshikie.

Saa 12 jioni

Hesabu, kisha mjadala na bosi kuhusu oda mpya. Nimemwambia tuagize bodi moja moja kila aina, za kushikwa, na anayetaka boksi lililofungwa tumwagizie. Pesa iliyobaki inunue mitumba mizuri, na kabati lake lihamie karibu na mlango.

Bosi hajapenda. Anasema duka la kamera lisilo na maboksi linaonekana limefilisika. Tumekubaliana kujaribu, kwa sharti kwamba maboksi matupu yapangwe rafu ya juu.