Fanksheni tatu na gigabaiti 40

Mchana wote nimeshinda na BT-MZ, ile programu ya majaribio ya NASA ambayo anayejifunza kupima programu sambamba, zile zinazogawa kazi kwa michakato mingi inayokwenda pamoja, hukutana nayo mapema. Ni daraja B, yaani ukubwa wa tatizo: gridi ya 304 kwa 208 kwa 17, hatua 200. Kwa mashine za sasa ni kazi ndogo. Ila ukiiwekea Score-P, zana ya kupimia programu, na kuiagiza iandike kila fanksheni inapoanza na inapomaliza, umejitafutia.

Wenye vurugu ni watatu: binvcrhs, matmul_sub na matvec_sub. Kazi yao ni matriki za 5 kwa 5. Wanapiga hesabu chache, wanarudi. Humo ndani hakuna ujumbe unaotumwa wala kupokewa, hakuna anayemsubiri mwenzake. Lakini kila moja inaitwa zaidi ya mara milioni 500, na kila mwito unakula baiti 26 hivi. Piga hesabu: hao watatu peke yao wanakuachia gigabaiti 40 za nyayo, yaani kumbukumbu za matukio hayo yote. Na bafa, nafasi ya kumbukumbu ya muda, ambayo Score-P humpa kila mchakato, usipobadilisha chochote, ni kama megabaiti 16. Kwa michakato minne, bafa inajaa kabla hata hatua ya kwanza haijaisha.

Diski si shida kubwa, diski hufutwa. Kinachonikera mimi ni kile kinachotokea bafa ikishajaa.

Kijana ninayemsimamia alikuwa ameniandikia: "Shikamoo Mwalimu. Mchakato wa tatu unachelewa sana, wengine wote wanausubiri. Nadhani nimepata penye tatizo." Marahaba, nikamwambia, fungua Vampir, ile inayochora nyayo kama picha, tuangalie pamoja. Kweli, wenzake walikuwa wamekwama kwenye MPI_Waitall, mwito wa kusubiri ujumbe katika MPI (njia ambayo michakato hutumiana ujumbe), mistari mirefu ya kusubiri. Nikamwambia akuze picha pale pale kwenye mchakato wa tatu. Katikati pakatokea kipande kilichoandikwa TRACE BUFFER FLUSH. Haikuwa BT-MZ iliyochelewa. Ilikuwa Score-P inamwaga bafa yake kwenye diski, na mchakato umesimama mpaka imalize. Ni kama mgeni aliyekuja kuwapimia wapishi muda, akasimama mlangoni mwa jiko, halafu akaandika kwamba chakula kinachelewa kutoka.

Bafa za michakato hazijai kwa wakati mmoja. Huyu anamwaga sasa, yule baadaye, na kila mara kuna jirani anayesubiri ujumbe. Kwa hiyo picha nzima inajaa ucheleweshaji ambao programu yenyewe haina.

Dawa aliyokuwa ameshaijaribu ni ile wanayoikimbilia wengi: kuzima na kuwasha kwa mkono ndani ya msimbo, SCOREP_RECORDING_OFF hapa, SCOREP_RECORDING_ON pale. Sikatai, ina mahali pake. Kama unataka hatua chache tu za katikati, zima mwanzoni, washa ukifika. Lakini yeye alikuwa ameizima ndani ya sharti linalohusu mchakato sifuri peke yake. Matokeo yake ni ujumbe unaoonekana umepokelewa na hakuna aliyeutuma. Scalasca, ambayo hutafuta nani kamchelewesha nani kwa kuoanisha kutuma na kupokea, haiwezi kufanya lolote na nusu za ujumbe. Ukizima, zima kwa wote, mahali pamoja, na hakikisha hakuna ujumbe uliobaki njiani.

(Kiwango cha MPI nacho kina swichi yake, MPI_Pcontrol. Sifuri ni kuzima, moja ni kawaida. Maktaba ya MPI yenyewe haifanyi chochote nayo, inarudi tu. Ni zana ya kupimia inayoamua kuitii au kuipuuza. Nimeipenda siku zote kwa unyenyekevu wake.)

Mimi huanza kwa muhtasari bila nyayo, kisha naendesha scorep-score -r. Inapanga fanksheni kwa nafasi ambazo zingekula, na zilizoandikwa USR, yaani zisizo na MPI wala OpenMP (njia ya kugawa kazi kwa nyuzi ndani ya mchakato mmoja) ndani yake, ndizo za kutazama kwanza. Baada ya hapo faili dogo la kichujio: EXCLUDE (usirekodi), binvcrhs*, matmul_sub*, matvec_sub*. Nyayo zinapungua mno.

Hapo kijana akauliza swali zuri: kama zimechujwa, mbona programu bado ni nzito? Kwa sababu kichujio hicho hufanya kazi programu ikiwa inaendeshwa. Kila mwito bado unabisha hodi kwa Score-P, Score-P inatazama orodha na kusema pita. Mara milioni 500 za "pita" si bure. Mpe kompaila kichujio hicho hicho kwa --instrument-filter, na hodi yenyewe haiwekwi.

Amekompaili upya jioni. Sasa picha inaonyesha exch_qbc, pale kanda, vipande vya gridi, zinapobadilishana mipaka, na kusubiri bado kupo, kidogo, bila kumwaga bafa popote. Kanda za BT-MZ hazilingani kwa makusudi, kubwa kabisa ni kama mara 20 ya ndogo kabisa. Kesho ataongeza nyuzi kwenye mchakato wenye mzigo mkubwa aone kama MPI_Waitall inafupika.