Tatu Iliyogeuka Nane

Kabla ya Jumapili ile nilikuwa nimeshatubu mara tatu, au ndivyo nilivyodhani. Mara ya kwanza nilipiga magoti mbele ya madhabahu nikalia hadi mabega yakatikisika. Mchungaji akaniwekea mkono kichwani, nikarudi kwangu mwepesi. Wepesi ule haukumaliza wiki.

Nilikuwa katibu wa kwaya, na kitabu cha mapato na matumizi nilikaa nacho mimi. Mweka hazina alikuwa mama mmoja wa makamo, mtu wa maneno machache, aliyehesabu kila fedha mara mbili kabla ya kufunga sanduku. Jioni moja aliniachia ufunguo kwa sababu aliniamini. Nikachukua elfu 50. Kisha nikafungua kitabu, na pale palipoandikwa matumizi ya elfu 30, ile 3 nikaifunga upande wa kushoto ikawa 8. Mikunjo miwili tu ya wino.

Siku ya ukaguzi stakabadhi ikasema 30, kitabu kikasema 80. Mwenyekiti akanitazama. Nikajibu, "Mimi huandika ninachotajiwa." Macho yote yakamgeukia yule mama. Hakubishana. Aliuvua ufunguo shingoni, akauweka mezani, akatoka.

Miezi saba iliyofuata alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na watu wakamsalimia kwa ncha za vidole. Mimi niliendelea kuimba. Usiku nililia na kumwomba Mungu amani. Leo naona kilichokuwa kikiniliza: niliogopa kugunduliwa. Paulo, katika 2 Wakorintho 7:10, anaitenga huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu na huzuni ya dunia, na yangu ilikuwa ya dunia tupu. Hata Yuda, tunasoma katika Mathayo 27, alikiri kwamba amekosa na akavirudisha vile vipande 30 vya fedha. Mimi sikuwa nimerudisha kitu.

Jumapili hiyo somo lilikuwa Mathayo 5:23-24, habari ya mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Nililijua somo hilo tangu utotoni, lakini siku zote nililisikia kana kwamba mwenye neno ni mimi, na kazi yangu ni kusamehe. Siku hiyo nikasikia kwamba mwenye neno ni yeye. Bahasha ya sadaka ikalowa jasho mkononi. Wimbo ulipoanza niliiacha kwenye benchi, nikapita katikati ya watu hadi nyuma, nikamwomba tutoke nje.

"Mama, ile 8 niliiandika mimi. Ilikuwa 3. Na fedha nilichukua mimi."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Siku ile nilipoweka ufunguo mezani, ulikuwa unanitazama?"

"Nilikuwa nakutazama, Mama."

Hapo maneno yalinijaa kooni: shida nilizokuwa nazo siku zile, deni lililonibana, nia yangu ya kurudisha baadaye. Yalikuwa ya kweli yote. Nikayameza. Daudi alipoambiwa na nabii Nathani kwamba yule mkosaji wa mfano aliosimuliwa ni yeye mwenyewe, alisema amemfanyia Bwana dhambi, wala hakuongeza neno. Kama ipo dakika niliyotubu kweli, naamini ni ile niliyonyamaza, si zile za machozi.

"Sijui kama naweza kukusamehe leo," akasema. "Lakini usiishie kwangu. Kawaambie waliokuwa mezani."

Siku ya mazoezi nikasimama mbele ya kwaya nzima na kueleza kila kitu, kuanzia ufunguo hadi wino. Wengine waliinamisha vichwa, mmoja akatoka nje. Uongozi wa kwaya ukaniondoa katika ukatibu, na ilikuwa haki. Nilileta elfu 60, kwa kuwa Hesabu 5:7 inamtaka mkosaji arudishe alichokitwaa chote na kuongeza sehemu ya tano. Mwenyekiti alitaka kuzipokea, lakini nikaomba apewe yule mama.

Akahesabu. Akahesabu tena, taratibu, kama zamani. Kisha akakivuta kile kitabu karibu, akafungua ukurasa wenye ile 8, akaninyoshea mkono nimpe kalamu.